Hardtop, Mchanga na Njia ya Mitundu

Mazungumzo yetu leo ni ya magari na barabara. Hasa ni ya magari ya Kijapani ya zamani, yale yaliyowazidi umri wengi wanaoyaendesha, na ya njia ambazo mtu akishazipita na gari la namna hiyo hazimtoki kichwani.

Kule Japani kuna barabara za milimani, kama zile za Hakone, ambako asubuhi za mapumziko watu hutoa magari yao ya zamani, Nissan Skyline, Fairlady Z, Corolla za mwanzo, wakapanda mlima na kushuka. Hawaendi msibani wala harusini. Wakifika juu wanaegesha, wanautazama mlima Fuji, wanapiga soga kuhusu kabureta, kisha kila mtu anarudi kwake. Sasa wewe mwambie jirani yako wa Singida mjini kwamba unajaza mafuta uende mpaka Rungwa ili ukaione barabara. Kwanza atakuuliza kama nyumbani kuko salama. Kwetu safari lazima iwe na sababu: mgonjwa, mahari, mnada, gunia la alizeti, karatasi inayotakiwa ofisini.

Hata hivyo, raha hiyo ya kuiona nchi kupitia kioo cha gari la zamani tunayo, tena tumekuwa nayo siku nyingi. Hatukuipa hadhi tu. Na kama ningeambiwa nitaje njia moja katika mkoa wetu wa Singida inayostahili kuendewa kwa ajili ya njia yenyewe, nisingekupeleka Ngorongoro kwa watu. Ningekwambia shika barabara ya Itigi, elekea kusini, pita Mitundu, uingie msitu wa Rungwa.

Kabla hatujaondoka, tulijue gari lenyewe limetoka wapi.

Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari la kazi lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, wakalipa jina la BJ. Mwaka huohuo dereva wao wa majaribio alilipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Toleo la 40, lile lenye uso mfupi na taa mbili za duara, lilianza mwaka 1960 na likaendelea mpaka 1984, ambapo lilipokewa na toleo la 70. Hilo la 70 ndilo tunaloliita Hardtop, na likiwa na bomba lake la hewa lililopanda juu pembeni ya kioo, watu humaliza kwa neno moja: mkonga.

Huku kwetu magari hayo yalikuta wenyewe wapo. Land Rover ilikuwa gari la bwana shamba, la mkuu wa wilaya na la misheni. Peugeot ilikuwa ya mwenye nacho. Bedford ilibeba mizigo. Gari la Kijapani lilionekana jepesi mno, la bati, lisilofaa kwa njia zetu. Kilichobadilisha mawazo ya watu wengi ni mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo kwa miaka ile yalikuwa yakizunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii na Datsun 240Z. Mwaka 1973 ikatokea ajabu: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na 240Z, na Harry Källström wa Sweden, akiwa na Datsun 180B, walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mwaka 1974 Joginder Singh, aliyekuwa akiitwa Simba wa Kenya, akalichukua taji kwa Mitsubishi Lancer ya injini ndogo ya sisi 1600, na mwaka 1976 akarudia. Kisha Mehta akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982, zote na magari ya Kijapani.

Watu waliosimama kando ya njia wakati ule hawakuwa wakisoma magazeti ya magari. Waliona kwa macho: Datsun imeingia kwenye tope saa sita usiku, imetoka, imepiga honi, imekwenda. Hilo ndilo lililowafanya wenye maduka na wenye mashine za kusaga waanze kuulizia pikapu za Kijapani.

Lakini kuulizia ni jambo moja, kupata ni lingine. Mwisho wa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilikuwa adimu, mafuta yalikuwa ya foleni na vipuri vilikuwa vya kutafutwa kwa kujuana. Mwaka 1984 serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha hizo. Magari yakawa miongoni mwa vilivyoingia. Baadaye, soko lilipofunguliwa zaidi, ikaja mitumba kutoka Japani. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia kama wetu. Tena sheria yao ya ukaguzi inamtaka mwenye gari alipeleke kila baada ya miaka miwili, kwa gharama kubwa, hivyo wengi huona heri kuuza mapema. Gari waliloliona limechoka sisi tukalipokea, tukalianzishia maisha ya pili. Mpaka leo, pamoja na kodi ya uchakavu, barabara zetu zimejaa magari hayo.

Kwa hiyo, msikilizaji, tunaposema gari la zamani hapa kwetu, tusifikirie gari lililofunikwa turubai likisubiri Jumapili. Gari la zamani la Mitundu liko kazini. Ni Hardtop inayobeba madumu ya asali. Ni Hilux ambayo bodi yake imeshaungwa na fundi wa vyuma mpaka hujui kipande gani kilitoka Japani na kipi kilitoka gereji. Ni Corolla ya miaka ya 80 inayomilikiwa na mwalimu mstaafu, inayooshwa kila Jumamosi na kukaguliwa maji kila alfajiri. Ni Fuso iliyopandisha magunia mpaka ikafanana na nyumba inayotembea.

Sasa tuondoke. Singida mjini unaiacha na ziwa Singidani lake na yale majabali yaliyopangana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Lami inakupeleka kusini kuelekea Manyoni, na pale Mkiwa unaiacha njia kuu, unakata kwenda Itigi. Itigi ni mji wa reli. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imeshapita hapa, na mpaka leo mji umekaa kwa kuusikiliza mluzi wa treni. Hapa ndipo watu wa kusini huletwa wakiugua, katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Hapa ndipo pia mwenye busara hujaza tenki na kukagua tairi la akiba, kwa sababu kutoka Itigi mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia hiyo ina nyuki wengi kuliko watu.

Ukitoka Itigi unaingia kwenye vichaka ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la mji huu. Si msitu wa miti mirefu. Ni vichaka vya urefu wa mara mbili au tatu ya mtu, vimeshikana matawi hivi kwamba mbuzi akiingia unamsikia usimwone. Kiangazi vinapukutisha majani yote, vinakuwa rangi ya majivu, na msafiri asiyejua anadhani vimekufa. Mvua ya kwanza ikipiga, ndani ya siku chache njia inakuwa kijani pande zote mbili, maua meupe yanatoka, na nyuki wanaanza kazi. Ukiwa na gari jipya lenye vioo vilivyofungwa na kiyoyozi, yote hayo ni picha. Ukiwa na Hardtop iliyofunguliwa vioo, unayanusa. Harufu ya udongo mwekundu uliolowa, harufu ya maua, harufu ya dizeli kidogo, zote zinaingia pamoja.

Kadiri unavyokaribia Mitundu, vichaka vinaiachia nafasi miombo. Hapo ndipo penye miti ya mtundu na mininga, na juu ya matawi kumetundikwa mizinga ya magogo na ya magome. Mwishoni mwa kiangazi, kabla hata tone la mvua halijaanguka, mtundu hutoa majani mapya mekundu kama shaba, na mwanga wa jioni ukipita humo, hata utingo aliyepita njia ile tangu utotoni hunyamaza kidogo.

Hii ni nchi ya Wakimbu. Katika karne ya 19 alitawala humu Nyungu ya Mawe, mtu wa vita aliyeziunganisha tawala nyingi ndogondogo za Ukimbu chini ya mkono wake na jeshi lake la rugaruga, akafa mwaka 1884. Alipokufa, uongozi ulishikwa na binti yake, Mgalula. Njia ambazo leo zinapitwa na Fuso zilianza kwa kukanyagwa na wapagazi na askari. Baadaye, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu Chunya na Makongolosi, hasa katika miaka ya 1930, barabara hii ikawa kiungo kati ya Reli ya Kati na nchi ya dhahabu.

Ukiipita Mitundu, kusini yake yapo mapori ya akiba, la Rungwa na jirani zake, yaliyopakana na hifadhi ya Ruaha. Huko ndiko unakoweza kukutana na palahala katikati ya barabara, pembe zimepinda nyuma, akakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyepotea. Na huko wapo mbung'o. Hao hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na huvutwa na rangi nyeusi na ya bluu. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Dereva mzoefu wa njia hii havai shati la bluu iliyokoza. Gari la zamani halina kiyoyozi, kwa hiyo kuna machaguo mawili: ufunge vioo ujichemshe, au ufungue uumwe. Wapo wanaowasha kinyesi kikavu cha wanyama ndani ya kopo, wakakitundika nyuma, moshi ukawasindikiza.

Njia ikiendelea, Rungwa, Makongolosi, Chunya, inaanza kupanda. Kutoka kwenye joto la Lupa unapanda hadi msitu wa Kawetere, baridi inaingia, na pale juu, mahali ambapo wageni walipaita Mwisho wa Dunia, bonde la Usangu linatandaa chini yako. Kisha unateremka Mbeya. Ndugu msikilizaji, reli, vichaka, miombo, pori la wanyama, machimbo na mlima wa baridi, vyote katika njia moja. Nchi ngapi zinaweza kumpa mtu hayo?

Lakini sikuja hapa kusifu mandhari tu. Ninalotaka kusema ni hili: gari la zamani ndilo lililotufundisha njia hii, na mafunzo hayo hayajaandikwa popote.

Chukua mfano wa mbuga wakati wa masika. Mbuga kwa maana yetu ya hapa, ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi unapasuka na masika unanata. Hardtop inafika ukingoni. Dereva hazimi injini. Utingo anashuka, anakunja suruali, anashika fimbo na kuingia majini, anachoma huku na huku. Akirudi anainama kwenye gurudumu la mbele, anazungusha kwa mkono kile kifungio cha katikati ya gurudumu, anazunguka upande wa pili anafanya hivyohivyo. Bila kufanya hivyo, gari la magurudumu manne linakuwa la mawili tu.

"Vipi?" anauliza dereva.

"Katikati pamekula, mzee. Shika kushoto."

"Kushoto si kuna lile jiwe?"

"Jiwe lipo, ndilo la kukanyagia."

Dereva anavuta ile gia fupi, anaingiza namba mbili, na kuanzia hapo mguu wake haugusi klachi mpaka ng'ambo, kwa kuwa ukibadilisha gia katikati ya tope umekwisha. Maji yakiwa mengi, mkanda wa feni hufunguliwa kwanza, ili feni isiyarushe maji kwenye injini. Ng'ambo anakanyaga breki kidogokidogo huku akitembea, hadi zikauke zishike. Halafu utingo anazungusha vile vifungio, safari inaendelea.

Lile jiwe, msikilizaji, halipo kwenye ramani yoyote ya serikali. Lipo kichwani mwa watu wawili watatu. Vivyo hivyo kisima ambacho rejeta hujazwa maji hata katikati ya kiangazi. Vivyo hivyo mti mkubwa wenye tawi la kuning'inizia injini. Kila hitaji la gari lilimfanya dereva ajue mahali, ajue wenyeji wa mahali hapo, ajue mama gani anapika usiku na mzee gani ana jeki. Gari lisiloharibika haliwezi kukufundisha hayo.

Na gari hilo lilikubali kutengenezwa. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 na lita 4.2 iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, haina turbo na haihitaji kompyuta ili iwake. Ina pampu, ina nozeli, ina mafuta na hewa. Tenki likitoboka kwa jiwe, kipande cha sabuni ya mche kinasuguliwa kwenye tundu, mafuta yanasimama mpaka Itigi. Springi ikikatika, unafungwa mti kwa vipande vya tyubu, gari linakwenda pole, lakini linakwenda. Fundi wa Mitundu hakuhitaji kumpigia mtu wa Dar es Salaam aje na mashine ya kusoma makosa. Alisikiliza mlio, akachagua spana.

Najua kuna msikilizaji ananuna sasa. Anasema, huyu bwana anasifia tope wakati mke wangu alijifungulia njiani. Ana haki. Barabara ya lami si anasa kwa watu wa Mitundu. Ni uhai wa mama mjamzito, ni bei nzuri ya alizeti na asali, ni mwanafunzi kuwahi mtihani. Upande wa Mbeya, lami imeshafika Chunya na kusonga hadi Makongolosi. Upande wetu, ujenzi uliingia kutoka Mkiwa kupitia Itigi kuelekea Noranga. Na ije yote, ikutane katikati. Mtu anayeombea wenzake wabaki kwenye mchanga ili yeye apate picha nzuri hana adabu.

Wala tusidanganyane kuhusu magari yenyewe. Gari la miaka 40 lisilotunzwa ni hatari barabarani. Breki zake ni za zamani, mikanda ya usalama wengine walishaikata, taa zake hazifiki mbali, na moshi wake unamuumiza anayekuja nyuma. Kulipenda gari la zamani kusiwe kisingizio cha kutolikagua. Linalopendwa hutunzwa.

Lakini lami ikishafika, kitu kimoja kitatokea haraka: tutapita Mitundu kwa mwendo wa basi, pazia limefungwa, filamu inaonyeshwa mbele, tukija kushtuka tuko Mbeya. Na zile Hardtop zitapimwa kwa kilo, ziuzwe vyuma chakavu. Jirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2003 wana mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yameingia hata Tanzania. Watu wanatoka Ulaya na magari yao kwenye makontena, wanalipa fedha nyingi ili wasukume gari la zamani kwenye vumbi letu. Sisi vumbi tunalo, gari tunalo, dereva tunaye, na tunavitupa vyote vitatu.

Basi ninashauri mambo machache. La kwanza, mwenye gari la namna hiyo, lifanyie matengenezo ya kweli, kisha msimu wa kiangazi panga safari ya kuiona nchi yako. Nenda mchana, usiku waachie wanyama na malori. Chukua maji, mafuta ya akiba, tairi mbili za akiba ukiweza. Ndani ya pori la akiba kaa barabarani, usiingie porini kwa sababu tu gari lako linaweza. Huko kuna sheria na kuna askari wa wanyamapori. Mitundu shuka, ule, ununue asali kwa aliyeirina mwenyewe, ulizia habari za njia ya mbele.

La pili nalielekeza kwa Halmashauri ya Itigi na kwa mkoa: Hardtop moja, Fuso moja ya zamani, wekeni mahali pa wazi penye paa, pamoja na mzinga wa gogo na ramani ya njia hii kabla ya lami. Gharama yake si kubwa, na mtoto wa shule atajifunza historia ya mkoa wake bila kupanda basi kwenda mbali.

La tatu ni la kila nyumba, wala halihitaji bajeti. Madereva waliozeeka na njia hii wapo, wengine macho yameanza kuchoka. Wana hesabu ya visima, ya mawe, ya vivuko na ya wenyeji waliowafungulia milango usiku. Kama nyumbani kwako yupo mmoja wao, leo jioni mkalishe, mwambie akutajie vituo vyote kuanzia Itigi mpaka Chunya, kimoja baada ya kingine, na wewe uwe na daftari na kalamu. Usimkate kauli akianza kubishana na utingo wake wa zamani kuhusu lile jiwe. Andika yote mawili.